Mpangilio wa baiti unapoongeza chipu mpya kwenye kiendeshi cha keneli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya watu wanaojua C, wenye bodi ya Linux mezani, na wanaotaka kuongeza chipu mpya kwenye kiendeshi (msimbo unaozungumza na kifaa) ambacho tayari kimo ndani ya keneli (kiini cha Linux). Mifano mingi nimeichukua kwenye kiendeshi kimoja, `bmp280`, kilichomo katika saraka ya `drivers/iio/pressure`. Kinahudumia vihisi vya kanieneo ya hewa vya Bosch Sensortec: BMP085, BMP180, BMP280, BME280, BMP380 na BMP580. Ukiviona ni ndugu wa tumbo moja. Ukisoma baiti zao, kila mmoja ana mila yake. Sijaona mfano bora zaidi wa kujifunzia.

## Mpangilio wa baiti ni nini, na kwa nini unasumbua zaidi kwenye kiendeshi?

Chukua namba 27504. Kwa heksadesimali ni 0x6B70, yaani baiti mbili: 6B iliyo kubwa kwa thamani na 70 iliyo ndogo. Kifaa kinachotanguliza 6B kinaweka kubwa kwanza, na kwenye msimbo utakitambua kwa herufi BE. Kinachotanguliza 70 kinaweka ndogo kwanza, na herufi zake ni LE. Prosesa za x86, za RISC-V na karibu ARM zote tunazozigusa leo huendeshwa kwa LE. Mashine za IBM za s390x, SPARC na m68k ni BE. MIPS na PowerPC hupatikana kwa pande zote mbili. Itifaki za intaneti zilichagua BE. PCI na USB zikachagua LE. Mwaka 1980 Danny Cohen aliandika waraka wa kuwasihi wahandisi waache kugombania upande upi ni bora, kwa kuwa la muhimu ni kukubaliana. Hawakukubaliana, na mzigo huo tunaubeba hadi leo.

Programu ya kawaida husoma kumbukumbu iliyoiandika yenyewe, hivyo jambo hili haliigusi. Kiendeshi kinakaa mpakani. Upande mmoja iko chipu yenye mpangilio usiobadilika. Upande wa pili iko prosesa usiyoijua, maana msimbo uleule utakompailiwa kwa x86 na mtu mmoja, na kwa MIPS na mwingine. Kazi yako ni kuigeuza namba mara moja tu, hapohapo mpakani. Isipogeuzwa, au ikigeuzwa mara mbili, ndipo shida huanza.

## Chipu mpya ni ya familia ileile. Si ninaongeza kitambulisho chake tu, basi?

Hapana, na hapa ndipo wengi hunasa.

Kwenye BMP180, namba za kalibresheni (za kusahihisha kipimo ghafi) zinazoanzia rejista 0xAA huja kubwa kwanza. BMP280 ilipokuja, kalibresheni ikahamia 0x88 na ikawa ndogo kwanza, lakini vipimo vyenyewe, kanieneo kwenye 0xF7 na jotoridi kwenye 0xFA, vikabaki kubwa kwanza. Ndani ya chipu moja kuna mipangilio miwili. BME280 ilirithi yote hayo ikaongeza unyevu, na huko kuna baiti moja inayogawanywa na namba mbili, nitaieleza chini. BMP380 ikaacha mila ya wakubwa wake: vipimo na kalibresheni vyote ndogo kwanza, na hata rejista ya kitambulisho ikatoka 0xD0 ikaenda 0x00. BMP580 nayo hutoa vipimo kwa LE, ila haina kalibresheni ya wewe kusoma, kwa sababu hesabu hiyo inafanyika ndani ya chipu.

Sasa angalia kinachotokea ukiongeza kitambulisho peke yake. Kitambulisho ni baiti moja: 0x58 kwa BMP280, 0x60 kwa BME280. Baiti moja haina mpangilio wa kukosea. Kiendeshi kitaitambua chipu, kitajisajili vizuri, faili za sysfs (ambamo keneli huonyesha vipimo) zitatokea, na wewe utaona kila kitu ni sawa. Kupita kwa hatua ya utambuzi hakusemi lolote kuhusu namba zitakazofuata.

Ndiyo maana kiendeshi hiki kina muundo wa taarifa kwa kila chipu, `struct bmp280_chip_info`, wenye pointa za fanksheni: ya kusoma kalibresheni, ya kusoma jotoridi, ya kusoma kanieneo. Chipu mpya inapewa fanksheni zake. Kama kiendeshi unachokigusa wewe hakina muundo wa namna hiyo, anza kwa kuutengeneza katika kiraka cha kwanza (kiraka ni badiliko la msimbo unalotuma kwa watunzaji wa keneli), kabla ya kuleta chipu. Kurundika `if` za aina ya chipu ndani ya fanksheni moja ndiko kunakozaa ugeuzaji unaosahaulika.

## Nimesoma jotoridi na namba imetoka ya kueleweka. Si ushahidi wa kutosha?

Hili ndilo swali lililonifanya niandike ukurasa mzima, kwa hiyo niruhusu nikae hapa kidogo.

Datashiti ya BMP280, yaani waraka wa kiufundi wa mtengenezaji, ina mfano wa hesabu uliokamilika. Kipimo ghafi cha jotoridi ni 519888, na namba tatu za kalibresheni ni T1 = 27504, T2 = 26435, T3 = -1000. Ukizipitisha kwenye kanuni ya datashiti unapata nyuzi 25.08 za Selsiasi.

Tuseme mtu amenakili fanksheni ya BMP180 na kuacha `be16_to_cpu` (makro ya kusoma baiti mbili kama BE) kwenye kalibresheni. Namba zilezile zitasomeka kinyume:

```
T1: baiti 70 6B   sahihi 0x6B70 = 27504   kinyume 0x706B = 28779
T2: baiti 43 67   sahihi 0x6743 = 26435   kinyume 0x4367 = 17255
T3: baiti 18 FC   sahihi 0xFC18 = -1000   kinyume 0x18FC =  6396
```

Namba zote tatu zimeharibika. T3 imepoteza hata alama ya hasi. Zipitishe kwenye kanuni ileile, na jibu linakuwa nyuzi 12.48.

Nyuzi 12.48 ni jotoridi la kweli kabisa kwa mtu aliye Njombe asubuhi ya Julai. Hakuna onyo kwenye logi, wala namba ya ajabu. Ukipuliza kihisi kwa pumzi, namba itapanda. Ukikiweka kwenye jokofu, itashuka. Anayeangalia kwa jicho atasema kihisi kinafanya kazi, labda kina upotofu kidogo, kisha atatafuta sababu kwenye waya au kwenye chanzo cha umeme.

Linganisha na kosa la upande wa pili. Kipimo ghafi 519888 ni 0x7EED0, nacho hutoka kwenye chipu kama baiti 7E ED 00, biti nne za mwisho zikiwa hazitumiki. Ukikisoma kwa LE unapata 3799, na kanuni inatoa takriban nyuzi 140 chini ya sifuri. Kosa hilo hujitangaza lenyewe. La kalibresheni linanyamaza, na linaweza kukaa ndani ya kifaa miaka mingi.

Kwa hiyo ushahidi unaokubalika ni mmoja: chukua baiti zilizo kwenye mfano wa datashiti, zipitishe kwenye msimbo wako, ulinganishe jibu hadi tarakimu ya mwisho.

## Datashiti ya BMP180 inasema nihakikishe hakuna namba ya kalibresheni iliyo 0 wala 0xFFFF. Ukaguzi huo hautanisaidia?

Utakusaidia kugundua mawasiliano yaliyokatika. Kiendeshi kinaufanya, na ni vizuri. Lakini 0x0000 ukiigeuza ni 0x0000, na 0xFFFF ni ileile pia. Ukaguzi wenyewe hauoni mpangilio. Namba ya majaribio yenye baiti mbili zinazofanana haifai kupimia jambo hili.

## Nitajuaje mpangilio kwa kusoma datashiti?

Usitafute sentensi inayoutaja, maana mara nyingi haipo. Tazama jedwali la rejista na uangalie anwani ndogo imebeba nini. BMP280 ina `press_msb` kwenye 0xF7, `press_lsb` kwenye 0xF8 na `press_xlsb` kwenye 0xF9: anwani ndogo imebeba baiti kubwa, basi ni BE. Kwenye jedwali la kalibresheni la chipu hiyohiyo, 0x88 ni LSB (baiti ndogo) na 0x89 ni MSB (baiti kubwa): ni LE. Soma kila jedwali peke yake, usihamishe hitimisho la ukurasa mmoja kwenda mwingine.

Msimbo wa mfano kutoka kwa mtengenezaji nao ni shahidi, ila angalia umeandikwaje. Ukiona `(msb << 8) | lsb`, huo unasema kweli kwenye mashine yoyote. Ukiona `memcpy` inayomwaga baiti ndani ya struct, huo unakuonyesha tu kwamba chipu na prosesa ya aliyeandika zilifanana.

Jambo moja la kutochanganya: baadhi ya datashiti za SPI (njia mojawapo ya waya ya kuunganisha chipu) huzungumzia biti ipi inatangulia kwenye waya. Huo ni mpangilio wa biti ndani ya baiti moja, na hushughulikiwa na kidhibiti cha SPI. Hauhusiani na tunachozungumza hapa.

## Aina kama `__le16` na `__be32` zinafanya nini, ikiwa kompaila inaziona kama namba za kawaida?

Kwa GCC ni kweli, `__le16` ni `u16` tu. Nguvu yake inaonekana kwa Sparse, kichanganuzi kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2003. Kwake `__le16`, `__be16` na `u16` ni aina tatu tofauti, na kuziunganisha bila makro ya kugeuza ni kosa analolitaja kwa faili na mstari.

Sparse unaiita hivi:

```
make C=2 drivers/iio/pressure/
```

`C=1` hukagua faili zinazokompailiwa upya tu, `C=2` hukagua zote. Zamani ulilazimika kuongeza `CF=-D__CHECK_ENDIAN__`; tangu keneli 4.10 ukaguzi huo huwashwa wenyewe.

Maonyo utakayokutana nayo zaidi ni `cast to restricted __be16` na `restricted __le16 degrades to integer`. Tafadhali usiyanyamazishe kwa `__force`. Neno hilo lina mahali pake, lakini mahali hapo ni padogo. Kwa kawaida onyo linakuambia kwamba bafa yako imetangazwa kama `u16` wakati ndani yake mna baiti za chipu. Badilisha aina ya bafa na onyo litaondoka kwa haki.

Desturi ninayoipenda: data iliyotoka kwenye chipu ibaki na aina ya `__le` au `__be` hadi mstari unaoigeuza, na baada ya mstari huo isionekane tena. Msomaji akifungua faili anajua mpaka uko wapi. Roboti ya majaribio ya keneli nayo huendesha Sparse kwenye viraka vinavyotumwa na kurudisha maonyo kwa barua pepe, kwa hiyo usipokagua wewe, atakagua mwingine mbele ya watu.

## Nitumie `le16_to_cpu` au `get_unaligned_le16`?

Ukiwa na kigezo chenye aina `__le16`, tumia ya kwanza. Ukiwa na safu ya baiti na unataka namba iliyo katikati yake, tumia ya pili.

BMP380 inaonyesha tofauti waziwazi. Kalibresheni yake ni baiti 21 kuanzia 0x31, zikichanganya namba za biti 16 na za biti 8. T1 na T2 huchukua baiti nne za kwanza, T3 ni baiti moja, kwa hiyo P1 inaanza kwenye nafasi ya 5. Ukichukua pointa ya baiti hiyo na kuifanya `(__le16 *)`, unaisoma namba ya biti 16 kwenye anwani isiyogawanyika kwa 2. x86 itakuvumilia. Baadhi ya prosesa hazivumilii. `get_unaligned_le16(&buf[5])` husoma salama kila mahali, na jina lake linatamka mpangilio.

Kwa namba za baiti tatu zipo `get_unaligned_le24` na `get_unaligned_be24`. Usijitungie yako.

## Kihisi changu kiko kwenye I2C (njia ya waya mbili ya kuunganisha chipu). Kwa nini `be16_to_cpu` inanipa jibu sahihi kwenye Raspberry Pi lakini mtunzaji amekataa kiraka?

Kwa sababu kiko sahihi kwa bahati.

`i2c_smbus_read_word_data` hurudisha namba iliyokwisha kuwa ya prosesa. Kanuni ya SMBus (itifaki iliyo juu ya waya za I2C) inasema baiti ya kwanza kufika ndiyo ndogo, na fanksheni inaiheshimu kwenye mashine yoyote. Chipu kama LM75 (kihisi cha jotoridi) haifuati kanuni hiyo, hutanguliza kubwa. Kwenye nyuzi 25 inatuma 0x19 kisha 0x00. Fanksheni inakurudishia 0x0019 ukiwa kwenye x86, ukiwa kwenye ARM, ukiwa kwenye PowerPC. Wewe unataka 0x1900.

Ukiiweka ndani ya `be16_to_cpu`, kwenye mashine ya LE makro hiyo hugeuza baiti na unapata 0x1900. Kwenye mashine ya BE makro hiyohiyo haifanyi kitu, na 0x0019 inabaki. LM75 hutumia biti tisa za juu tu, kwa hiyo jibu litakuwa nyuzi 0.

Unachohitaji ni kugeuza daima, bila kujali prosesa, na fanksheni ya kazi hiyo ipo: `i2c_smbus_read_word_swapped`. Makro za `to_cpu` ni za data iliyo bado ghafi. Kilichokwisha kuwa namba ya prosesa hakipitishwi humo tena. Sparse angekuonyesha kosa hili kwa sekunde chache.

## Natumia regmap (sehemu ya keneli ya kusomea rejista). Yenyewe inageuza au haigeuzi?

Inategemea mambo mawili: upana wa thamani uliotangaza, na fanksheni unayoiita.

Kiendeshi cha `bmp280` kinatangaza `val_bits` ya 8. Regmap haina cha kugeuza, na `regmap_bulk_read` inakuletea baiti kama zilivyotoka. Kugeuza ni juu yako.

Ukitangaza `val_bits` ya 16, mambo yanabadilika. `regmap_read` na `regmap_bulk_read` hukupa namba za prosesa, tayari zimegeuzwa kulingana na `val_format_endian`. Ukizigeuza tena umeziharibu. `regmap_raw_read` ndiyo hukuachia baiti ghafi. Usipotaja mpangilio, njia ya I2C huchukua BE kama chaguo la kawaida, na rejista zilizo kwenye kumbukumbu huchukua LE. Ushauri wangu ni kuandika `REGMAP_ENDIAN_BIG` au `REGMAP_ENDIAN_LITTLE` waziwazi hata kama ndilo chaguo la kawaida, ili anayekuja baada yako asilazimike kukumbuka.

## Na SPI?

Angalia `bits_per_word`. Ikiwa ni 8, bafa ina baiti kwa mfuatano wa kwenye waya. Ikiwa ni 16, keneli inahesabu kwamba kila neno ndani ya kumbukumbu liko kwa mpangilio wa prosesa, na kidhibiti ndicho kinacholitoa. Aliyebadilisha 8 kuwa 16 ili kuongeza kasi na kuacha `be16_to_cpu` ilipokuwa amegeuza mara mbili kwenye mashine za LE.

## Chipu yangu ina rejista zilizo kwenye anwani za kumbukumbu. Nihitaji `cpu_to_le32` ndani ya `writel`?

Hapana. `readl` na `writel` zimekubaliwa kuwa LE, na kwenye mashine ya BE zinageuza zenyewe. Kuandika `writel(cpu_to_le32(x), reg)` ni kugeuza mara mbili huko.

Kama kifaa kimefungwa kwa BE, ziko `ioread32be` na `iowrite32be`. Kama kifaa kilekile hupatikana kwa namna mbili kwenye bodi tofauti, mti wa vifaa (faili inayoieleza keneli vifaa vilivyo kwenye bodi) una sifa za `big-endian`, `little-endian` na `native-endian`, na regmap inazisoma. Epuka `__raw_readl` kama njia ya mkato: haigeuzi, lakini pia haina vizuizi vya mfuatano ambavyo `readl` inakupa, na hutavikumbuka hadi siku vinapohitajika.

Kuna tofauti moja ya kuijua. Fanksheni za mfululizo kama `readsl` hazigeuzi. Zimekusudiwa foleni za data, ambako baiti zinatakiwa zifike kwenye kumbukumbu kwa mfuatano wake. Kwa hiyo rejista ya hali na foleni ya data, hata zikiwa jirani ndani ya chipu, husomwa kwa adabu tofauti.

Vibao vya DMA (chipu inaposoma kumbukumbu bila kupitia prosesa) ni habari nyingine. Hivyo unaviandika mwenyewe kwenye kumbukumbu na chipu inavisoma, hivyo kila sehemu yake itangazwe `__le32` au `__be32` na ijazwe kwa `cpu_to_le32` au mwenzake.

## Ninaweza kutumia sehemu za biti za C kuelezea rejista?

Usifanye. Mpangilio wa sehemu hizo ndani ya neno hutegemea kompaila na mashine. Struct ya kichwa cha IP ndani ya keneli imelazimika kuandikwa mara mbili, kwa `__LITTLE_ENDIAN_BITFIELD` na mwenzake, na hakuna haja ya kuongeza nyingine. Geuza neno zima kwanza, kisha toa sehemu kwa `FIELD_GET` na `GENMASK`.

Ile baiti ya BME280 niliyoitaja inafundisha vizuri hapa. Namba za unyevu H4 na H5 zina biti 12 kila moja na zimebanwa kwenye baiti tatu, 0xE4 hadi 0xE6. H4 ina biti zake nane za juu kwenye 0xE4 na nne za chini kwenye nusu ya chini ya 0xE5. H5 ina nne za chini kwenye nusu ya juu ya 0xE5, na nane za juu kwenye 0xE6. Kwa maneno mengine, H4 inasomeka kubwa kwanza na H5 ndogo kwanza, na baiti ya katikati ni ya wote wawili. Struct yenye sehemu za biti haiwezi kusema hivyo kwa usalama. Baiti tatu, mistari miwili ya kuhamisha na kuunganisha biti, na maoni mafupi juu yake vinasema.

## Namba hasi zinaingia wapi?

Mwishoni. Unganisha baiti kwanza kuwa namba isiyo na alama, kisha tandaza alama kwa `sign_extend32`. Jotoridi la BMP580 ni biti 24 zenye alama, kila hatua ikiwa 1/65536 ya nyuzi. Nyuzi 25 ni 0x190000, inayotoka kama 00 00 19. Mstari wake ni huu:

```
temp = sign_extend32(get_unaligned_le24(buf), 23);
```

Namba 23 ni nafasi ya biti ya alama, si idadi ya biti. Kwa H4 na H5 za BME280 ni 11. Asiyetandaza alama hataona tatizo mpaka kifaa kiende penye barafu, na vijiji vingi vya kwetu havitamwonyesha.

## Sina mashine ya BE. Nitajaribuje?

Unazo njia mbili nzuri, na zote hazihitaji pesa.

Ya kwanza ni QEMU (programu ya kuiga mashine nyingine) pamoja na moduli ya `i2c-stub`. Anzisha mashine ya MIPS au PowerPC ya BE, pakia moduli hiyo kwa `chip_addr=0x76`, na utapata chipu ya kughushi ambayo rejista zake unazijaza mwenyewe kwa `i2cset`. Weka 0x58 kwenye 0xD0, weka 70 6B 43 67 18 FC kuanzia 0x88, weka 7E ED 00 kuanzia 0xFA, kisha mtangaze `bmp280` kwenye faili ya `new_device`. Soma `in_temp_input`. Ikitoka 25080, yaani nyuzi 25.08 zilizozidishwa kwa elfu, mpangilio wa jotoridi uko sawa. Rudia kwenye x86. Mashine zote mbili zikikubaliana na datashiti, una ushahidi wa kuandika kwenye kiraka.

Ya pili ni KUnit, mfumo wa majaribio wa keneli. Ukiwa umetenga ugeuzaji na hesabu katika fanksheni zisizogusa kifaa, unaweza kuzijaribu kwa `kunit.py run --arch=s390` ukiwa na kompaila ya s390x, na keneli itaanza ndani ya QEMU, itajaribu na kuzima.

Ukipenda kifaa cha kushika mkononi, tafuta ruta ya zamani yenye chipu ya Atheros inayoungwa mkono na OpenWrt (Linux ya ruta) kwa jina la `ath79`. Hizo ni MIPS za BE. Watu huzitupa, na kwa kazi hii ni mali. Ruta hizo hizo ndizo zilizolazimisha kiendeshi cha `ath9k` kuwa makini: EEPROM (kumbukumbu ya kudumu) ya kadi zake za WiFi ina biti inayosema data iliyomo imeandikwa kwa mpangilio upi.

## Si ningeweka tu `#ifdef __BIG_ENDIAN` nigeuze ndani yake?

Makro za keneli tayari zinafanya hivyo, na kwa mashine isiyohitaji kugeuza hazigharimu chochote. Ukiweka yako, Sparse haiwezi kukusaidia tena, na nusu ya msimbo wako haitakompailiwa kamwe kwenye mashine yako.

## Kwenye bafa ya IIO (mfumo wa keneli wa vihisi) lazima nigeuze kila kipimo kabla ya kukipeleka kwa mtumiaji?

Hulazimiki. Tangaza mpangilio kwenye `scan_type` kwa `IIO_BE`, `IIO_LE` au `IIO_CPU`, na programu ya mtumiaji itausoma kwenye faili inayoishia na `_type`, kwa mfano `be:u24/32>>8`. Sharti ni tangazo lilingane na kilichomo. Chipu mpya ikiwa na mpangilio tofauti, ipewe safu yake ya chaneli. Kuazima ya chipu ya zamani ni kumdanganya anayesoma, na keneli haitakuwa na njia ya kujua.

## Niligundua kosa la zamani la mpangilio wakati naongeza chipu yangu. Nilirekebishe ndani ya kiraka kilekile?

Lirekebishe katika kiraka chake, kiwe cha kwanza kwenye mfululizo. Weka mstari wa `Fixes:` wenye tarakimu 12 za kwanza za komiti iliyoleta kosa, na `Cc: stable@vger.kernel.org` kama vifaa vilivyo mikononi mwa watu vinatoa namba mbaya. Watunzaji wa matoleo ya zamani watakichukua hicho peke yake bila kuvuta chipu mpya.

Kwenye maelezo ya komiti andika baiti zenyewe: chipu ilituma nini, msimbo ulisoma nini, ulipaswa kusoma nini, na ni kwenye mashine za mpangilio upi. Mistari minne hiyo humwezesha mtunzaji asiye na chipu yako mezani kuhakiki kwa kalamu. Kisha kiraka cha pili kitenge muundo wa taarifa za chipu, cha tatu kilete chipu mpya, na nyaraka za mti wa vifaa ziwe na kiraka chake kinachotangulia hicho cha tatu.